Karani Aliyesahau Kujiandika

Siku serikali ilipokata theluthi nzima ya ruzuku ya shule za wilaya, wa kwanza kujua alikuwa karani wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Barua zote za shule ile hupita mikononi mwake kabla hazijamfikia mwalimu mkuu, na bahasha yoyote iliyobandikwa kwa gundi mbaya yeye huihesabu kuwa imefunguka yenyewe. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, akairudisha ndani ya bahasha, akaigonga muhuri wa kupokelewa na kuipeleka kwa bosi wake kwa uso wa mtu asiyejua lolote.

"Kuna nini leo?" mwalimu mkuu akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Labda wametuongezea."

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na minne ndani ya chumba kimoja, dirisha moja linalotazama geti, kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu hufunguka kwa teke tu, na kompyuta inayochukua muda mrefu kuamka kuliko mwalimu wa zamu. Wote humwita Mama Muhuri, hata watoto wa darasa la kwanza, ambao wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mtoto akihama, muhuri. Mtoto akiugua, muhuri. Wakati fulani mzazi mmoja alimletea cheti cha ndoa akigonge, eti ili kiwe na nguvu zaidi, naye alikitazama kwa muda mrefu kidogo kabla ya kukataa.

Mikato ilianza kwa adabu. Wilaya iliagiza taa zizimwe mchana, na watoto wa madarasa ya nyuma wakawa wanasogeza madawati dirishani kadiri jua linavyosogea. Ikafuata chaki, nne kwa mwalimu kwa wiki, na mwalimu wa darasa la sita, aliyezoea kujaza ubao mzima ili apumzike watoto wakinakili, akalazimika kufundisha kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu wa hisabati akagawanywa. Asubuhi alikuwa wetu, mchana alipanda baiskeli na kuvuka reli kwenda kufundisha shule ya pili, na watoto wa kule wakawa wanapelekewa mwalimu aliyekwisha kuchoka. Gari la wilaya lililokuwa likikusanya barua kila siku sasa lilipita mara moja kwa wiki, siku na saa lipendayo lenyewe.

Tusiwaonee watu wa wilayani. Nao hali yao ilikuwa maji ya shingo. Waliacha kununua chai ya vikao, na vikao vikafupika kwa nusu, jambo ambalo wangeligundua miaka kumi mapema wasingehitaji ruzuku ya mtu. Lakini chai haikutosha. Mwezi wa pili ukaja waraka mwingine, na huu gundi yake ilikuwa nzuri, ikambidi Mama Muhuri aushike juu ya mvuke wa birika.

Waraka ulisema kila shule itoe mfanyakazi mmoja asiye mwalimu. Atakayetolewa hatafukuzwa, la hasha, atahamishiwa bohari kuu ya wilaya. Kila mtu aliijua bohari kuu. Iko mwisho wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na ukitaka kufika saa mbili asubuhi utoke nyumbani kabla hakujapambazuka. Waliopelekwa kule walihesabu viti vilivyovunjika, wakimaliza wanaambiwa wahesabu upya, mpaka mtu mwenyewe anaandika barua ya kuacha kazi. Wilaya haikuwahi kumfukuza mtu. Ilimchosha tu.

Na ili asionewe mtu, kukawa na fomu. Kila mfanyakazi aandike anachofanya saa kwa saa, siku kumi za kazi. Kila mstari unaoeleweka, alama moja. Mwenye alama chache kuliko wote katika shule yake afunge virago. Kwenye waraka iliitwa Fomu ya Shughuli, na kabla ya saa nne asubuhi shule nzima ilikuwa inaiita fomu ya kutoa roho.

Mama Muhuri hakutishika kwa ajili ya cheo. Alitishika kwa sababu ya saa saba mchana.

Nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na ndani ya nyumba ile, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha, alikuwa amelala mama mkwe wake. Kikongwe huyo alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita na tangu hapo hakuinuka tena, isipokuwa ulimi. Kila siku kengele ya mapumziko ikilia, karani anatoka mbio, anamgeuza, anambadilisha, anamlisha supu na mkate, wanagombana kidogo, anarudi kazini saa nane kasoro. Asubuhi na jioni zilikuwa na namna yake. Lakini mchana hakukuwa na mtu mwingine. Mume alifariki miaka saba iliyopita, mtoto hawakujaliwa, na shemeji yake aliishi mji wa mbali na mke mwenye mipango.

"Ikishindikana kabisa mleteni," shemeji alishasema kwenye simu. "Kuna kile chumba cha mashine ya kufulia. Tunaweza kuihamisha mashine."

Mama mkwe aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Nipeleke," alisema. "Mashine angalau hainung'uniki."

Wawili hawa hawakupatana tangu siku ya harusi, bibi kizee alipotangaza mbele ya wageni kwamba bibi harusi ana vidole vya kupigia taipu, si vya kushikia nyumba. Miaka thelathini karani alimsubiri aombe radhi, na miaka thelathini mwenzake alisubiri aonyeshwe kwamba alikosea. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Basi fomu zikagawiwa. Wa kwanza kubisha ofisini alikuwa mlinzi wa getini, mwanamume mnene aliyeitwa Kamanda, fomu ameikunja mara nne kama karata.

"Dada, mimi kazi yangu ni kukaa," akasema. "Naandikaje mistari hamsini ya kukaa?"

"Keti. Jana asubuhi ulifanya nini?"

"Nilifungua geti."

"Halafu?"

"Nikafunga."

"Katikati hapo, Kamanda. Kati ya kufungua na kufunga."

Kamanda akafikiri kwa uso wote. Akakumbuka kwamba kuna mtoto wa darasa la kwanza ambaye kila asubuhi hulia hataki kuingia, na yeye humshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, wakihesabu hatua. Akakumbuka pia kwamba juzi baba mmoja alikuja amelewa chakari anataka kumchukua binti yake, na yeye akampigia soga za mpira hadi yule bwana akasahau kilichomleta. Mama Muhuri aliandika yote. *Saa 1:40, kuwapokea wanafunzi wapya na kuwasindikiza darasani. Saa 5:15, kumzuia mzazi aliyelewa asiondoke na mtoto, kwa njia ya mazungumzo.* Kamanda aliposomewa alivua kofia.

"Kumbe nafanya kazi," akasema.

Habari zikasambaa. Akaja mpishi, akaja mtunza maktaba, akaja msafishaji anayeitwa Dada Dekio, ambaye kwenye fomu yake alikuwa ameandika "kudeki" mara kumi na nne kwa mwandiko mzuri sana. Ikajulikana kwamba Dada Dekio ndiye anayezibua vyoo wilaya ilipoacha kumlipa fundi bomba, na kwamba kwenye kabati la mafagio ana mfuko wa vitambaa safi na sketi mbili za akiba kwa ajili ya wasichana wanaoshtukizwa na siku zao darasani. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ni jambo lake binafsi. Mama Muhuri aliliandika kwa heshima, mistari mitatu, na Dada Dekio akamletea chai.

Siku ya saba mwalimu mkuu naye akachungulia mlangoni, akitabasamu tabasamu lile la mtu anayekuja kuomba.

"Utamwandikia na binamu yangu, eti?"

Hapa lazima nieleze. Wilaya ilipokuwa bado na fedha, mwalimu mkuu alibuni nafasi iitwayo Mratibu wa Mandhari na kumpa binamu yake. Mandhari ya shule ile ni vyungu viwili vya maua, kimoja kikiwa kimekufa. Binamu alionekana mwisho wa mwezi, na miezi mingine hata hapo alimtuma mtu.

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Chochote. Wewe unajua."

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo karani pekee angeweza kulifanya. Mtu mwingine angeparaza mistari mitano kwa hasira na kumwacha binamu azame. Yeye alishindwa. Miaka ishirini na minne hakuwahi kutoa karatasi mbaya chini ya muhuri wake, na mkono ulipoanza haukusimama. *Kukagua uwiano wa kijani katika maeneo ya mikusanyiko. Kufuatilia mwelekeo wa vivuli kwa ajili ya mapumziko ya wanafunzi.* Mistari sitini na mmoja, siku mbili nzima za kazi yake, na yote uongo mtupu wenye alama zake za vituo mahali pake. Aliposoma alichokiandika alijipenda.

Yake mwenyewe aliiacha mwisho. Safari hii gari la wilaya lilikuwa limeahidi kuja Ijumaa jioni. Likaja Alhamisi saa nne asubuhi kwa sababu dereva alikuwa amebakiza mafuta ya mzunguko mmoja, na hakuzima injini kwa kuogopa isiwake tena. Alipiga honi. Mama Muhuri alikusanya fomu za wenzake, akazigonga muhuri moja moja, akafika kwenye ya kwake iliyokuwa na jina tu. Honi ikalia tena. Akachukua kalamu, akaandika "Kazi za ofisi", akagonga muhuri na kukimbia nazo getini.

Mstari mmoja. Alama moja.

Jibu lilikuja baada ya siku sita kwa gundi mbaya. Aliisoma barua, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaipeleka. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili akashika kichwa.

"Mungu wangu, wamekutoa wewe! Sasa barua ya kupinga ataiandika nani?"

Mama Muhuri alichukua mkoba wake, akaona ni bora akamgeuze mama mkwe.

Bibi kizee hakuhitaji kuambiwa. Alimsikia jinsi alivyoweka mkoba.

"Umemwaga unga."

"Sijafukuzwa, Mama. Nahamishwa."

"Bohari?"

"Bohari."

Supu ikapoa. Kwa kawaida mama mkwe angesema jambo kuhusu vidole vya taipu, na karani alikuwa amejikaza kulipokea. Halikuja.

"Basi mpigie mwanangu," kikongwe akasema akitazama dirishani. "Mwambie aihamishe hiyo mashine."

Kwa miaka mingi karani alikuwa amejiwazia siku ambayo mwanamke huyu angeondoka nyumbani kwake. Alijiwazia amelala Jumapili mpaka saa tatu, kimya kila kona. Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika mlangoni, naye alitamani kuifukuza kwa fagio. Aliosha bakuli, akalia kidogo jikoni maji yakitiririka, akarudi kazini akiwa amechelewa.

Barua ilisema pia kwamba kabla ya uhamisho kuanza afisa tathmini angekuja kuhakiki fomu. Alikuja Jumatatu, kwa miguu kutoka kituo cha basi, mwanamume mwembamba mwenye shati lililogeuzwa kola, na kwa kuwa yeye ndiye aliyezunguka shule zote akikata watu, alikuwa amepewa jina la Mkasi kabla hajafika. Alianza na Kamanda. Akamuuliza kuhusu mzazi aliyelewa, na Kamanda akasimulia yote pamoja na matokeo ya mechi. Akamuuliza Dada Dekio kuhusu mstari wa sketi, Dada Dekio akamfungulia kabati la mafagio, naye Mkasi akalifunga mwenyewe taratibu.

Kisha akauliza, "Mratibu wa Mandhari yuko wapi?"

"Yuko nje," mwalimu mkuu akajibu haraka. "Kazi yake ni ya nje nje."

Wakamtafuta. Walizunguka uwanja, wakapita nyuma ya vyoo, wakachungulia maktaba na stoo ya viti. Mkasi alisimama mbele ya chungu kilichokufa, akasoma kwa sauti mstari unaohusu uwiano wa kijani, akatazama chungu, akatazama karatasi. Msako ulichukua dakika arobaini. Mwalimu mkuu alitokwa jasho mpaka tai ikabadilika rangi.

Mkasi akaingia kwenye ofisi ya karani, akaketi kwenye kiti cha wazazi na kuzipanga fomu zote mezani.

"Fomu hizi ni mkono mmoja," akasema. "Mtu hazungumzi hivi, sembuse watu wanane."

Mama Muhuri akapiga hesabu haraka. Akikana, huyu bwana alikuwa na haki ya kuzifuta zote, na Kamanda na Dada Dekio wangepanda basi moja na yeye kwenda kuhesabu viti. Akikiri, labda ingekuwa hivyohivyo. Mlangoni mwalimu mkuu alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Nimeziandika mimi," akasema. "Maneno ni yangu, kazi ni zao. Uliwauliza wenyewe, umesikia. Isipokuwa hiyo moja. Hiyo ya mandhari niliitunga yote, toka koma ya kwanza, na naona aibu."

Mwalimu mkuu akapatwa na kikohozi, akaondoka nacho.

Mkasi aliinuka, akausukuma mlango, akarudi kuketi. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi na kuiweka juu ya zile nyingine. Ilikuwa fomu ileile, yenye nembo ya wilaya.

"Nasi tumepewa," akasema kwa sauti ndogo. "Idara yangu inatoa wawili. Mwisho ni kesho."

"Yako ina mistari mingapi?"

"Ina jina langu."

Jamani. Mtu aliyekuwa akitembea na mkasi mwezi mzima hakujua kusema anafanya nini. Mama Muhuri alimtazama kola ile iliyogeuzwa, akaona hana hata nguvu za kumcheka. Akawasha kompyuta, na walipokuwa wakiingoja akaanza kumuuliza kama alivyomuuliza Kamanda. Shule ngapi? Kwa gari gani? Gari halina mafuta, kwa hiyo kwa miguu. Aliwahi kumtetea mtu? Mmoja, fundi wa madawati, lakini hakumwambia bosi wake. Kwa nini? Angeonekana laini. Akaandika. Siku tisa zikajaa kwa nusu saa. Akafika siku ya kumi, yaani leo hiihii.

*Saa 3:10, kuhakiki shughuli za mlinzi na msafishaji, zimethibitika. Saa 4:00 hadi 4:40, kumtafuta Mratibu wa Mandhari katika maeneo yote ya shule; hakuonekana. Saa 5:05, kubaini kwamba nafasi hiyo haina mtu anayeifanya.*

Mkasi alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye mistari hiyo, akakaa hapo.

"Nikitia saini hii, nitakuwa nimesema."

"Ndiyo, utakuwa umesema."

"Na nisipotia?"

"Utabaki na jina lako."

Akatia saini. Kisha akaitafuta fomu ya karani kati ya zile nyingine, ile yenye maneno matatu na muhuri. Alimweleza kwamba kumwondoa binamu bado hakumwokoi yeye, kwa sababu alama moja ni alama moja, na wilaya ingeweza kuwachukua wote wawili kwa furaha. Ila fomu isiyokamilika inaruhusiwa kujazwa upya mbele ya mtathmini. Angepita kesho saa mbili kamili kabla ya kurudi wilayani.

"Ijaze," akasema. "Wewe si unajua?"

Alikuwa hajui. Saa kumi na moja jioni aliketi kando ya kitanda cha mama mkwe, fomu juu ya sinia, kalamu mkononi, mtu aliyewaandikia watu tisa maisha yao, na hakuna kilichotoka. *Saa 1:30, kufungua ofisi.* Akafuta. Akaandika tena yaleyale.

"Soma," mama mkwe akaamuru.

"Saa moja na nusu, kufungua ofisi."

"Halafu?"

"Sijui, Mama. Ni vitu vidogo vidogo."

"Vitu vidogo." Kikongwe akajivuta juu ya mto wake wa kulalia. "Miaka miwili unaniletea umbea wa hiyo shule pamoja na supu. Supu haina chumvi, basi nabaki na umbea. Unadhani sisikii? Andika. Yule mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Uliandika barua ngapi?"

"Kumi na moja."

"Andika kumi na moja, na kwamba alifanya mtihani. Yule baba asiyejua kusoma, anayekuja kila muhula umsomee ripoti ya mwanawe."

"Ah, yule."

"Unamsomea polepole na kumrukia yale matusi ya mwalimu. Andika."

"Kuruka matusi haliandikwi, Mama."

"Andika unavyojua wewe, ndiyo kazi yako. Na yule mwalimu aliyefiwa na mke, ukamkalia darasa siku tano, mkafunga mlango ili mkubwa wenu asijue."

Jua likazama, wakawasha taa. Bibi kizee alikumbuka majina, siku, hata mvua ilinyesha lini. Mengine karani mwenyewe alikuwa ameyasahau. Aliandika mpaka kidole kikafanya shimo, mistari arobaini, arobaini na tano, na kila mara alipodhani wamemaliza mwenzake alikuwa na mwingine. Mwishowe mama mkwe akafumba macho.

"Sasa saa saba."

"Saa saba ni mapumziko. Si kazi ya shule."

"Mimi si kazi?" Akafumbua jicho moja. "Andika. Saa saba na dakika kumi na mbili, anaingia. Siku wakimchelewesha, na dakika ishirini. Siku ile ya kikao cha wazazi, na dakika thelathini na tano. Naitazama saa ya ukutani toka saa sita. Huniamini, niulize siku yoyote."

Karani hakuuliza. Aliandika mstari ule, lakini mwandiko wake, ambao wilaya nzima huusifia, ulipanda na kushuka kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na hakuthubutu kuinua uso.

Asubuhi Mkasi alisoma fomu akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Aliifuata kwa ncha ya kalamu mstari baada ya mstari. Alipofika chini alisimama, akaisoma sehemu ile mara mbili, akakohoa. Akaukata mstari mmoja, akajumlisha, akaandika hamsini na mbili, akatia saini. Mama Muhuri akagonga muhuri. Ukatoka upande.

Aliyetolewa ni Mratibu wa Mandhari. Barua yake ya kuhamishiwa bohari ilikaa wiki tatu mezani kwa karani, kwa sababu hakuja kuichukua, na alipokuja alikuwa amefuata mshahara. Mwalimu mkuu hakumsemesha Mama Muhuri mpaka alipohitaji kuandikiwa barua. Ilikuwa siku moja na nusu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ileile, kengele ya mapumziko ilipolia, alitoka mbio akapita getini huku Kamanda akimpigia saluti, akaingia nyumbani akihema, akaweka mkoba.

"Wamekata?" mama mkwe akauliza kabla mlango haujafungwa.

"Wamekata mstari mmoja tu."

"Upi?"

"Wako, Mama. Wamesema hiyo si kazi."

Karani alivua viatu, akanawa mikono, akaja kusimama kando ya kitanda.

"Basi hapa utakuwa unakuja bure," mama mkwe akasema, akamnyooshea mkono ili amgeuze.